Lile Si Dodoki, Baba

Kwa Ngotho wangu,

Umeenda mjini kutafuta koti la baridi, na Nafula yuko chumbani kwako akigombana na sanduku. Ninamsikia akiliamuru lifunge. Mambo ya soksi, cheti cha chanjo na unga wa uji nimemwachia yeye; miaka sita ya kunitunza imemfundisha kupanga vitu kuliko sisi sote, na ameandika orodha ya kurasa mbili akaibandika ndani ya kifuniko. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo karibu miaka hamsini, kwa hiyo niache nilifikie polepole. Dawa hizi mpya za moyo hunilaza katikati ya sentensi. Ukiona mwandiko umeteremka kuelekea ukingo wa karatasi, ujue hapo nilisinzia, nikaamka, nikaendelea.

Jumapili tatu zilizopita ulikuja ukakaa kwenye mkono wa kiti changu, simu mkononi.

"Mathe, cheki hii. Jina yangu ilifika Ujerumani kabla yangu."

Ulikuwa ukitafuta picha za vijiji vilivyo karibu na karakana utakakojifunza kukarabati viti na madhabahu za makanisa ya kale, ukaangukia makumbusho madogo ya kijiji, yaliyomo ndani ya nyumba ya zamani ya kukamulia zabibu, mapipa yake yangali chini. Katika kabati la kioo kulikuwa na gauni jeupe la ubatizo, beseni dogo la shaba, na kando yake kitu cha kahawia, kirefu, kikavu, chenye nyuzinyuzi. Ulinisomea maandishi yake kwa Kijerumani chako kipya: Dodoki la kuogeshea watoto wachanga. Afrika Mashariki. Zawadi ya Mzee Ngotho wa Kangemi.

Nafula alichungulia juu ya bega lako. "Hiyo ni dodoki ya aina gani? Hiyo inaweza toa mtoto ngozi."

"Ngozi ya watu wa zamani ilikuwa ya kazi, Nafula. Si hii yako ya mafuta."

"Ya kwako ndio ya mafuta. Angalia shingo."

Mkacheka. Ukaituma picha kwa ndugu zako wote. Ukasema siku ya kwanza ukifika utakwenda ujitambulishe, uwaambie wewe ndiye mjukuu mwenye jina lile. Mimi nikakusahihisha matamshi ya neno moja, nikasema, "Vizuri, Baba," nikaomba nipelekwe kulala saa tisa ya mchana.

Lile si dodoki.

Unajua kwa nini nakuita Baba. Wewe ni mtoto wangu wa pili wa kiume, na kwetu mtoto wa pili wa kiume huchukua jina la baba ya mama. Nilikuzaa watu walipokuwa wameshanihesabu kuwa nimemaliza, na guka wako, yaani babu yako, baba yangu mimi, alikuwa amekufa tayari, kwa hiyo jina lilikuwa likingoja mtu. Wakunga walifurahi nilipokuita Baba ungali na damu kichwani. Waliona ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi. Lakini tangu siku hiyo, kila nilipokuita, kulikuwa na mtu mwingine niliyetaka ageuke.

Kangemi unayoijua wewe ni ya gorofa za vyumba vya kupanga na nguo zilizoanikwa kwenye roshani. Ya guka wako ilikuwa mashamba yaliyoteremka hadi mtoni. Mizinga yake ya nyuki ilining'inia kwenye miti ya bondeni, na asali yake haikuuzwa. Ilikwenda yote kwenye vibuyu. Alipika muratina. Wewe umeionja kwenye sherehe za mahari za rafiki zako, ikimiminwa kutoka mtungi wa plastiki, ukaniambia inafanana na juisi iliyokasirika. Pengine hukuambiwa kwamba muratina ni jina la pombe na pia la tunda linaloichachusha. Tunda hilo ni refu kama mkono. Hupasuliwa, huchemshwa, hutolewa mbegu, hukaushwa mpaka zinabaki nyuzi tupu. Likishatumika huanikwa juani, likatumika tena, na tena, miaka na miaka, na chachu hukaa humo ndani ikingoja. Guka wako alikuwa nazo zaidi ya kumi, lakini moja aliipata kwa baba yake. Alisema hiyo ndiyo iliyoijua kazi. Zingine ziliifuata tu.

Usiku kibuyu kilipokuwa kando ya moto, alikuwa akiinama na kukiwekea sikio. Akitabasamu tulijua pombe imeanza kuchachuka. "Inaongea," alikuwa akisema.

Mama yangu hakutabasamu. Alikuwa mtu wa kanisa mpaka kwenye kucha, na kanisa letu halikutaka kusikia pombe ikitajwa. Yeye alikaa benchi la mbele. Guka wako, mara chache alizokuja, alisimama nje dirishani, kwa kuwa hakuruhusiwa mezani pa Bwana. Nyumba yetu ilikuwa moja, sufuria zilikuwa zile zile, lakini kulikuwa na ukuta katikati yake, na mimi nililelewa upande wa mama. Nilikuwa msomi wa nyumba. Kanisa liliponitafutia nafasi ya kwenda kukaa na familia ya Kijerumani miaka miwili, kuendelea kusoma lugha na kusaidia kazi za nyumbani, nilijaza fomu kwa mwandiko mzuri. Mahali palipouliza kazi ya baba niliandika: mfuga nyuki. Ulikuwa ukweli wa kukatwa katikati.

Alfajiri ya siku ya kuondoka guka wako aliniita nyuma ya ghala.

"Huyo mzungu unakokwenda, nasikia yeye pia anapika."

"Anatengeneza divai, Baba."

"Ya nini?"

"Ya zabibu."

"Bila asali?"

"Bila asali."

"Na anachachusha na nini?"

"Sijui."

"Utajua wapi, na umekulia kwa benchi." Alitoa kitambaa cheupe kilichofungwa mafundo mawili. "Huwezi kuingia kwa mtu wa kazi yangu mikono mitupu. Mpe hii. Usimweleze kitu, utaharibu. Ainuse tu. Akiinusa atanijua."

Nilitambua kwa uzito wake ni ipi. Alikuwa amenipa ile ya baba yake.

Sijui nikuelezeje mahali unapokwenda, maana kila nikifumba macho napaona kupitia ukungu, na ukungu ule umeingiliana na wa bondeni kwetu, hata mara nyingine natoka mlango wa kanisa la huko na kukanyaga udongo mwekundu. Ni magharibi ya Mto Rhine. Mizabibu imepangwa mistari kwenye vilima kama nywele zilizosukwa, na kati ya mistari kuna misalaba ya mawe iliyoliwa na mvua mpaka haina nyuso. Kila kijiji kina mnara wake. Kanisa la kijiji chetu lilikuwa na ukuta katikati. Sisemi mfano sasa. Ni ukuta wa mawe. Zamani Wakatoliki na Waprotestanti waligombania jengo moja, wakachoka, wakaligawa. Huku wakiimba, kule wakisubiri zamu, na wimbo ukipenya. Nilipoelezwa hayo nilicheka peke yangu, na wenyeji wangu wakadhani sikuelewa.

Huenda siku moja ukapewa viti vya kanisa hilo uvikarabati. Upande wa kulia, karibu na nguzo ya pili, kuna ubao uliochongwa ambao sikuwahi kuuzoea. Kristo amesimama ndani ya shinikizo la zabibu, anakanyaga, na kinachotiririka chini kwenye birika huwezi kujua ni divai au ni damu yake. Pembeni kuna wakulima wenye makapu, wameinamisha vichwa kama watu wanaosubiri zamu kisimani. Nililelewa nikiambiwa pombe na Mungu havikai chumba kimoja. Hapa mtu alikuwa amekaa miezi na patasi akivichonga pamoja. Wiki ya tatu ya kukaa kwangu nilisimama mbele ya ubao ule nikajua kwamba sikuwa na kitu cha kuonea haya. Lakini wiki tatu zilikuwa zimeshapita.

Nirudi siku ya kwanza. Nilifika Jumapili mchana. Mwenye nyumba aliitwa Anton, mtu mfupi mwenye mikono iliyobaki na rangi ya zabibu hata baada ya kunawa. Mkewe Hedwig alioka keki mbili. Mchungaji wa kijiji alikuwa amekuja kunikaribisha. Ndiye aliyeisoma fomu yangu. Alikuwa na bilauri ya divai mkononi, Baba, mchungaji mzima, na nilishangaa sana hata sikujua nitazame wapi. Hedwig alinisaidia kufungua sanduku pale pale sebuleni, kwa furaha tu, akakitoa kitambaa cheupe, akafungua mafundo.

"Na hii ni nini?"

Nikasema baba yangu amemtumia Bwana Anton. Hapo nilikuwa bado mkweli. Anton akaichukua kwa mikono miwili. Akaigeuza. Kisha bila kuambiwa akaipeleka puani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Alipofumbua alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake mahali pa ugenini.

"Inanukia kama ghala langu la divai," alisema.

Mchungaji akageuka. "Ni kitu cha nini hasa?" akauliza, kwa upole, na mimi nikaiona fomu yangu, mfuga nyuki kwa mwandiko mzuri, na mama yangu kwenye benchi la mbele.

"Ni dodoki," nikasema. "La kuogeshea watoto wachanga."

Hedwig alisema ni zawadi ya kupendeza sana. Mchungaji akanywa divai yake. Anton alibaki ameishika. Aliinusa tena, mara moja, haraka, kama mtu anayehakikisha, akasema, "Basi watoto wenu wananukia vizuri." Wote wakacheka, nami nikacheka. Kisha akampa mkewe.

Alinipa nafasi, yule mzee. Hilo ndilo jambo ambalo umri umenionyesha. Miezi ya mavuno aliniteremsha kwenye ghala lake la chini ya nyumba, mapipa yakiwa yamejaa maji ya zabibu yanayochachuka, akaniambia ninyamaze. Akaweka sikio kwenye pipa. "Linaongea," alisema. Akaendelea kuinama pale, uso umeelekea kwangu, akauliza, "Na nyuki wa baba yako, wanaendeleaje?" Akangoja. Maji yalikuwa yakitokota polepole ndani ya mbao, na mwali wa mshumaa wake ulikuwa umesimama wima kabisa. Nikasema wanaendelea vizuri, asante.

Ndotoni mara nyingi nawaona wote wawili wamekaa kwenye benchi nje ya ghala lile, hawana lugha hata moja ya pamoja, wanapokezana kikombe na kutikisa vichwa. Wananiona nikipita na hawaniiti.

Hedwig alikuwa mtu wa kurudisha fadhila. Kabla ya Krismasi, bila kuniambia, alimtumia guka wako kifurushi. Ulipewa dodoki, utarudisha nini? Alituma sabuni tatu zenye harufu ya waridi na taulo dogo lililotariziwa.

Mama aliniandikia kwa shangwe. Mzungu wako amemwambia baba yako ukweli ambao sisi tulishindwa kumwambia, aliandika. Amemwambia aoge.

Niliporudi, vibuyu vilikuwa vimening'inia darini vikavu. Guka wako alikuwa amekaa juani amevaa shati la Jumapili siku ya Jumanne. Alikuwa amepungua. Sikuwa nimeweka mkoba chini aliponiambia, "Mzee wako alinijibu."

"Alikujibu nini, Baba?"

"Sabuni tatu. Hakuandika hata neno, lakini nilimsoma. Nilimtumia mkono wangu, akaona ni mchafu." Alitazama mtoni. "Aliinusa?"

"Aliinusa."

"Basi alijua anachosema. Mtu wa kazi hakosei kwa pua."

Ningeweza kusema wakati ule. Ilikuwa sentensi moja fupi. Mama alikuwa mlangoni, anasikiliza, anang'aa. Guka wako alikuwa ameacha kupika siku ile ile ya sabuni, na miezi mitatu baadaye alipokelewa kanisani, akakaa benchini kwa mara ya kwanza, mwishoni kabisa karibu na mlango. Kijiji kizima kilikuwa kinasimulia habari hiyo. Nilifikiri: uongo umezaa jambo jema, uache. Jumapili iliyofuata niliombwa nisimame nitoe ushuhuda, binti aliyemleta baba yake kwa Mungu kutoka nchi ya mbali. Nilisimama, Baba. Nilitoa ushuhuda. Nilizungumza vizuri, mama alilia, na nikamwona guka wako kule nyuma akinisikiliza kama mtu anayesikiliza kibuyu ambacho hakiongei.

Aliishi miaka mingine tisa. Alikuwa mwema, mnyamavu, msafi. Marafiki zake hawakuja tena, maana walikuwa wakija kwa ajili ya kile kibuyu na maneno yaliyokizunguka. Mizinga iliachwa ikaoza. Siku moja, nikimnyoa ndevu, aliniuliza kama mzungu yule bado anapika. Nikasema ndiyo. "Ni mtu mwenye bahati," alisema, "hakukutana na mtu wa kumnusa." Nilimaliza kumnyoa.

Unajua maisha yangu mengine. Nilifundisha Kijerumani mjini miaka thelathini na moja, katika chumba cha ghorofa ya nne chenye dirisha linalotazama paa za mabati. Nilikuwa mwalimu mkali wa maneno. Wanafunzi wangu wakikosea jina la kitu niliwarudisha nyuma mpaka walitaje sawasawa. Tulipofika somo la vitu vya bafuni nililiruka kila muhula, na hakuna aliyeuliza.

Barua yako ya maombi kwa karakana ile niliisahihisha mwenyewe, nikijua iko vijiji viwili tu kutoka kwa Anton. Nilijiambia ni kwa sababu ninaijua sehemu hiyo. Nilidhani ile muratina ilitupwa zamani. Kumbe Hedwig aliitunza, na baada ya kifo cha mumewe akaipeleka makumbusho, akakumbuka hata jina la guka wako na la Kangemi. Uongo wangu wameusafisha vumbi kwa miaka mingi, kwa uangalifu, kwa heshima kabisa.

Huko utaulizwa vitu vyako ni nini. Watauliza mafuta unayojipaka, uji wako, jina lako, kazi ya mama yako. Watauliza kwa upole, na upole ndio unaotega. Sina ushauri mkubwa. Ninajua tu kwamba jibu la uongo hutoka haraka kuliko la kweli, kama lililokuwa limesimama mlangoni, na kwamba nililipia sentensi moja kwa mwanadamu mzima. Ukijikuta umeshalisema, rudi siku ile ile, au kesho yake. Nilikuwa na Jumatatu yote.

Huenda ukanikasirikia ndani ya ndege, na ni haki yako. Nimekupa jina la mtu na nikakuficha mtu mwenyewe. Ningekwambia kwa mdomo, lakini mara mbili nimejaribu wiki hii, ukaniletea chai, ukanifunika miguu, nikashindwa. Daktari hasemi tena habari za mwaka ujao anapozungumza nami, kwa hiyo sitarajii kukusimulia utakaporudi.

Nenda makumbusho yale, lakini usiende siku ya kwanza. Ngoja uwe na rafiki mmoja wa kukusindikiza. Mwombe mwenye funguo afungue kabati. Inuse, hata kama haina harufu tena. Usiombe kuirudisha nyumbani. Ilitumwa huko na mtu aliyejua anachokitoa. Omba tu ihamishwe kutoka kwenye gauni la ubatizo, ipelekwe chini kwenye mapipa, na maandishi yabadilishwe.

Yule mwenye funguo atakuwa mtu mwema. Ataona umeona haya, na atakutafutia njia ya kupita. Atasema pengine mama yako alikuwa msichana mgeni, amechoka na safari, hakulijua neno lenyewe kwa Kijerumani. Usikubali, Baba. Nilikuwa nimekisoma miaka minne kabla ya kufika. Nililijua neno la chachu, na la pombe, na la baba. Mwambie mama yako alidanganya. Mwambie Mzee Ngotho alikuwa mpika pombe, hodari kuliko wote wa bonde lake, na alimtumia mwenzake salamu ambazo mpaka leo hazijafika.

Ni mimi,
Mama yako